Mgeni aliyelipia kodi gereza lake

Nilitafuta bahari nikaikosa. Ramani ilisema Dejima ni kisiwa, nami ni mtu wa Mombasa. Kisiwa nakijua kinavyoingiwa, kwa feri ya Likoni au kwa daraja la Nyali, upepo wa chumvi ukikupiga usoni kabla hujafika. Nagasaki nilishuka kwenye tramu. Kituo chenyewe kinaitwa Dejima, na mbele yake kuna barabara pana, majengo ya ofisi na ukuta wa mawe wa zamani uliosimama katikati ya vyote hivyo kama mzee aliyekaa kimya kwenye harusi ya vijana.

Bahari imefukiwa. Mwishoni mwa karne ya 19 mji ulitaka bandari ya kisasa. Mto Nakashima ukapindishwa, upande wa kaskazini wa kisiwa ukachongwa kiasi cha mita 18, kisha kifusi kikamwagwa pande nyingine hadi mwaka 1904 kisiwa kikawa mtaa tu kama mitaa mingine. Mahali palipokuwa mlango pekee wa Ulaya kuingia Japani kwa zaidi ya miaka 200 pakawa na maduka, maghala na nyumba za watu. Kinachoonekana leo ni kazi ya kukifukua.

Niliingia kwa daraja jipya la upande wa kaskazini, lililofunguliwa Novemba 2017. Lina urefu wa mita 38 na kitu, chuma kitupu, halikujifanya la kale. Nililipenda kwa jambo moja. Ukuta wa kisiwa ni urithi wa taifa na haubebeshwi mzigo, kwa hiyo wahandisi walilishika daraja upande wa mjini, likanyooka juu ya mto na kukifikia kisiwa bila kukielemea. Daraja la zamani, lililobomolewa mwaka 1888 mto ulipopindishwa, lilikuwa fupi, la mawe, na lilikuwa na walinzi. Mbele yake palikuwa na ubao wa makatazo: mwanamke haruhusiwi kuingia isipokuwa malaya, mtawa haruhusiwi isipokuwa wa mlima Koya, ombaomba hapana, mashua zisipite chini ya daraja, na Mholanzi asitoke bila ruhusa.

Hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha. Nilikulia karibu na ngome ambayo ubao wake, kama ungekuwapo, ungeandikwa kinyume.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa wajifungie ndani na mizinga yao, sisi tubaki nje. Miaka 40 baadaye Wareno wale wale, katika mwisho wa njia ile ile ya meli, walikuta mwenyeji mwenye mpango tofauti. Mtawala wa Japani, shoguni Tokugawa Iemitsu, aliamuru kisiwa kitengenezwe baharini mbele ya Nagasaki. Kazi ilianza mwaka 1634 ikaisha 1636. Gharama kubwa haikutoka serikalini. Matajiri 25 wa mji ndio waliogharamia. Wareno waliokuwa wamezoea kukaa popote mjini wakahamishiwa humo, mlango ukafungwa, kisha wakapelekewa bili ya pango: kani 80 za fedha nyeupe kwa mwaka. Kani moja ni kilo 3.75. Piga hesabu, ni kilo 300.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunasema sisi. Wajapani walimpa stakabadhi.

Umbo la kisiwa ni la upepeo uliofunguliwa, upana ukiwa upande wa bahari. Masimulizi ya mjini yanasema shoguni alipoulizwa kisiwa kiweje alifungua upepeo wake tu, asiseme neno. Ni hadithi tamu na siiamini hata kidogo, ila naelewa kwa nini imedumu: inafanana na amri ya mtu asiyehitaji kueleza. Eneo lote ni kama mita za mraba 15,000. Viwanja viwili vya kawaida vya mpira vinakaribia kulijaza.

Wareno hawakukaa sana. Tatizo lao halikuwa biashara, lilikuwa dini. Ukristo ulipigwa marufuku mwaka 1614, na maasi ya wakulima wa Shimabara ya 1637, ambao wengi wao walikuwa Wakristo, yalimaliza subira ya shoguni. Mwaka 1639 Wareno walifukuzwa. Mwaka uliofuata Macau ilituma ujumbe kuomba biashara ifunguliwe tena. Watu 61 wa ujumbe ule walikatwa vichwa, mabaharia wachache wakaachwa wakatoe habari. Nayasema haya ili msomaji asidhani namsifu shoguni. Ukuta aliomjengea mgeni ulikuwa laini ukilinganisha na aliyowafanyia raia wake waliobatizwa.

Kisiwa kikabaki kitupu, na wale matajiri 25 wakawa na jengo lisilo na mpangaji. Mpangaji akapatikana Hirado, kisiwa kingine kaskazini, ambako Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, VOC, ilikuwa na kituo chake. Waholanzi walikuwa wamejenga ghala kubwa la mawe na kuandika juu yake mwaka kwa hesabu ya Kikristo. Kwa kosa hilo waliamriwa kulibomoa, na mkuu wao, François Caron, alilibomoa bila ubishi. Mwaka 1641 wakahamishiwa Dejima. Walijadili kodi ikashuka hadi kani 55, zaidi ya kilo 200 za fedha kila mwaka, wakakubali kukaa humo bila kanisa, bila mahubiri na bila wake zao. Meli ikitia nanga, mizinga, baruti na Biblia vilifungiwa chini ya ulinzi hadi siku ya kuondoka.

Daktari Mjerumani Engelbert Kaempfer, aliyekaa hapo kuanzia 1690 hadi 1692, aliandika bila kuficha kwamba mahali hapo ni gereza. Neno hilo nililisoma nikiwa nimesimama kwenye njia kuu ya kisiwa, nikacheka peke yangu hadi mama mmoja aliyekuwa akipiga picha akageuka. Kwetu neno gereza wataalamu wa lugha wanalihusisha na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Mreno alijenga kanisa ndani ya ngome, na sisi tuliokuwa nje ya ukuta tukabaki na jina la mahali pa kufungia watu. Mwingereza naye alipokuja akaifanya ngome yenyewe jela hadi mwaka 1958. Dejima mambo yaligeuka: hapakuwa na igreja, na kwa sababu ya igreja pakawa gereza.

Si kicheko tu. Njia ya meli kutoka Lisbon ilipita kisiwa cha Msumbiji, Goa, Malacca na Macau kabla ya Nagasaki. Vijana wanne wa Kijapani waliopelekwa Ulaya na mapadri mwaka 1582 walikwama Msumbiji miezi kadhaa wakirudi, wakingoja pepo, kama nahodha yeyote wa jahazi alivyongoja kusi. Yasuke, mtu mweusi aliyeingia katika utumishi wa mbabe wa vita Oda Nobunaga mwaka 1581, alifika na padri Alessandro Valignano, na wengi wanadhani asili yake ni Msumbiji. Na kwenye duka la zawadi la Dejima niliona karata. Wao wanaziita karuta. Mreno mmoja, karata moja, pwani mbili. Nilizinunua kwa bei ambayo sitaitaja nyumbani.

Sasa nyumba zenyewe. Kaa nazo kidogo, kwa maana ndizo zilizonileta.

Hakuna hata moja iliyotoka enzi za VOC. Zile za kale ziliungua, zikabomolewa, zikauzwa. Dejima ilitangazwa kuwa eneo la historia mwaka 1922, lakini watu waliendelea kuishi na kufanya biashara juu yake, na halmashauri ya mji ilipoanza kazi mwaka 1951 ilibidi inunue ardhi kipande kimoja baada ya kingine. Ilichukua nusu karne. Viwanja vyote vilikuwa mikononi mwa umma mwaka 2001. Nyumba tano za kwanza zilikamilika mwaka 2000, tano nyingine 2006, sita zaidi 2016. Hizo ni 16, zote za upande wa magharibi, na zimejengwa kama zilivyosimama mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa nini wakati huo na si mwingine? Kwa sababu ya mwanasesere, nusura niseme. Jan Cock Blomhoff, mkuu wa kituo kuanzia 1817, aliwaagiza mafundi wa Nagasaki wamtengenezee vielelezo vidogo vya nyumba za Dejima, na vielelezo hivyo vikaishia Leiden, Uholanzi. Karibu miaka 200 baadaye maseremala wa Kijapani walivipima mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha, wakavilinganisha na michoro na misingi iliyofukuliwa ardhini, kisha wakajenga kwa maungio ya mbao ya kale na kuta za udongo. Yaani nyumba ya mtu mzima imenakiliwa kutoka nyumba ya kuchezea. Blomhoff huyo huyo alimleta mkewe, Titia Bergsma, na mtoto wao mdogo, akidhani sheria italegezwa. Haikulegezwa. Titia alirudishwa kwao baada ya miezi michache, wala hawakuonana tena. Lakini wachoraji walikuwa wameshamwona, na sura yake ikaenea kwenye picha na vyombo vya kauri Japani nzima.

Makao ya mkuu ndiyo makubwa kuliko yote. Ngazi za nje zimepakwa kijani, unavua viatu chini, unapanda. Juu sakafu ni majamvi ya tatami na juu ya majamvi kuna viti na meza za Kizungu, kuta na dari zimebandikwa karatasi zenye maua. Seremala Mjapani alijenga nyumba anayoijua, Mholanzi akaingiza samani anazozijua, na kila mmoja akamwachia mwenzake alichoshindwa kubadilisha. Sebuleni meza imeandaliwa kwa karamu: sahani, chupa, nyama za plastiki zilizotengenezwa kwa ustadi wa kutia njaa. Ni karamu ya Krismasi, ila hapakuwa na Krismasi. Waliiita sikukuu ya Kiholanzi ya majira ya baridi, siku ambayo jua liko chini kabisa, nao Wajapani walikuwa na sikukuu yao siku hizo hizo, kwa hiyo kila mtu alijua na hakuna aliyeuliza. Mwaka mpya wa Kizungu walialikwa wakalimani na maofisa. Inasimuliwa kwamba wageni hao waligusa chakula kidogo tu, kingine wakafungiwa wakapeleke nyumbani. Hapo nilijisikia niko Kibokoni, mama akitafuta mfuko wa pilau.

Wakalimani hao wanastahili makala yao. Ilikuwa kazi ya kurithi, baba kwa mwana, na kuna nyakati walifika watu 150 wakiwahudumia Wazungu wasiozidi 20. Mwanzoni walizungumza na Waholanzi kwa Kireno, maana ndicho walichokuwa nacho. Baadaye walijifunza Kiholanzi, na kupitia lugha hiyo vikapita vitabu. Mwaka 1774 daktari Sugita Genpaku na wenzake walichapisha tafsiri ya kitabu cha anatomia kilichoandikwa na Mjerumani Kulmus, wakiitafuta maana neno kwa neno bila kamusi ya maana. Taifa lililojifungia liliujua mwili wa binadamu kwa kuchungulia kupitia upenyo wa Dejima.

Katika maghala nilipita taratibu kuliko nilivyopanga. Bidhaa zimewekwa kwa magunia na masanduku: sukari kutoka Java, miti ya kutoa rangi nyekundu, hariri ghafi, ngozi za kulungu, na ngozi za samaki aina ya taa, zinazokwaruza, zilizozungushwa kwenye mipini ya panga isiteleze mkononi. Kilichotoka Japani kilikuwa fedha kwanza, kisha shaba, kafuri na vyombo vya kauri. Sukari iliteremshwa kwa wingi kiasi kwamba njia iliyotoka Nagasaki kuelekea kaskazini leo inaitwa Barabara ya Sukari, na mji bado unaoka keki laini ya mayai iliyoachwa na Wareno, kasutera. Nilikula vipande vitatu. Iko karibu na keki zetu za Idi, ila ile haina iliki, na kwangu hilo ni upungufu.

Biashara yenyewe haikuwa rahisi kwa mgeni. Kuanzia mwaka 1715 meli ziliwekewa kikomo cha mbili kwa mwaka, na mwaka 1790 zikabaki moja. Kwa muda mrefu mkuu wa kituo alilazimika kwenda Edo, ambayo sasa ni Tokyo, kila mwaka kumsujudia shoguni na kumpa zawadi. Kaempfer anasimulia kwamba mbele ya shoguni Tsunayoshi waliamriwa wacheze ngoma, waruke, waimbe na kujifanya walevi, huku wakubwa na wake zao wakitazama nyuma ya mapazia. Waliyafanya yote, kwa sababu hesabu za kampuni ziliwaruhusu kupoteza heshima lakini si shaba.

Kuna kundi ambalo kwenye vyumba vile nililitafuta nikalipata pembeni tu. Michoro ya Kijapani ya wakati huo inaonyesha kila mara, nyuma ya Mholanzi, watumishi wenye ngozi nyeusi: wanabeba sinia, wanashika mwavuli, wengine wanacheza mchezo wa vinyoya. Walikuwa watumwa, wengi wao kutoka visiwa vya Indonesia ya leo. Kwenye picha za zamani zaidi, za enzi ya Wareno, wamo pia Waafrika. Mpishi, msafishaji, mbeba maji, wote walihesabiwa lakini sikupata mahali walipolala. Nyumba za wakuu zimejengwa upya hadi vitasa. Ya hawa sikuiona, au ilikuwapo nikapita bila kuambiwa. Gereza la mfanyabiashara lilikuwa na mfungwa ndani ya mfungwa, na huyo wa ndani hakuandika kitabu.

Mtu ninayempenda katika hadithi nzima ni Hendrik Doeff. Alishika ukuu wa kituo mwaka 1803. Mwaka 1808 meli ya Uingereza, Phaeton, iliingia bandarini ikipeperusha bendera ya Uholanzi, ikawateka Waholanzi waliokwenda kuipokea na kudai chakula na maji. Gavana wa Nagasaki hakuwa na askari wa kutosha kuizuia. Ilipoondoka alijiua kwa aibu. Kisha Napoleon akaimeza Uholanzi mwaka 1810, Waingereza wakaichukua Java mwaka uliofuata, na Doeff akabaki kisiwani na wenzake bila meli ya biashara ya nchi yao, mwaka baada ya mwaka, hadi 1817. Bendera ya nchi isiyokuwapo ilipepea Dejima, ikapepea pia Elmina katika Ghana ya leo. Waingereza walitumwa kutoka Java mara mbili kumshawishi akabidhi kituo, na safari ya kwanza walileta tembo kama zawadi. Doeff alikataa, tembo akarudishwa alikotoka.

Aliishi kwa mkopo wa wenyeji, akajaribu kujitengenezea bia, na muda uliobaki akakaa na wakalimani kuandika kamusi ya Kiholanzi na Kijapani. Aliporudi kwao mwaka 1819 meli yake ilizama. Alimpoteza mkewe mjamzito na karatasi zake zote. Kamusi ilinusurika kwa kuwa nakala ilikuwa imebaki Nagasaki, kwa wakalimani.

Mwaka 1859, baada ya Wamarekani kuulazimisha mlango wa Japani ufunguke, kituo cha biashara kilifungwa. Upenyo hauna kazi ukuta ukishaanguka.

Niliuliza mzee mmoja wa kujitolea, mwenye kizibao cha waongozaji, kama kazi imekwisha. Alinionyesha kwa mkono upande wa kusini, kwenye ukuta uliofukuliwa, kisha upande wa mashariki. Mpango wa mji ni kwamba siku moja maji yarudi pande zote nne, upepeo uelee tena. Nilitazama anakoonyesha: barabara, reli ya tramu, majengo ya ghorofa. Nikakumbuka Unguja, jinsi sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilivyoporomoka siku ya Krismasi ya 2020, bahari iko palepale mbele yake. Hawa wanakusudia kuhamisha mji ili bahari ipate pa kurudi. Sijui kama ni subira au ni ukaidi, na mzee hakunisaidia. Alitabasamu, akainama, akaenda kuwapokea watoto wa shule.

Jioni nilitoka nje ya ukuta kuutafuta mpaka. Pale ukingo wa zamani unapopita chini ya lami wamepigilia vichwa vya chuma barabarani, kimoja baada ya kingine, kuonyesha nchi kavu iliishia wapi. Nilivifuata nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha ufunguo, hadi vikapotea chini ya gari la kupeleka vifurushi. Dereva alikuwa ameegesha baharini, anakula mkate.